Bibi, Ile Haikuwa Supu

Mpendwa Bibi,

Shikamoo.

Nakuandikia nikiwa kwenye kibaraza cha jikoni, kahawa imeanikwa mbele yangu, jua la hapa Rugera limekuwa jepesi kama linavyokuwaga mwezi huu. Nimemaliza mitihani ya mwisho ya chuo wiki mbili zilizopita. Nimerudi na begi moja na godoro lililofungwa kwa kamba, na Mama alipokuja Jumapili kutoka kwenye biashara zake Murongo alinitazama akasema nimenenepa, nami nikalipokea hilo kama pongezi. Ni miezi tisa tangu tukulaze upande wa juu wa kibanja, palipo na migomba yako ya zamani. Nilikuwa najiambia kwamba nitakuandikia siku nikiwa na habari njema kamili. Matokeo bado hayajatoka, kwa hiyo habari haijakamilika. Lakini moyo wangu umetulia, Bibi, na wewe hukuwa mtu wa kupenda kungojeshwa.

Unakumbuka jioni yangu ya kwanza chuoni Mwanza? Nilikupigia nikilia. Nilikuambia chumba kinanuka rangi mpya, watu wanaongea haraka, na sijui nimekuja kufanya nini, nataka kurudi nyumbani. Mtu mwingine angenibembeleza. Wewe uliniuliza chumba kina madirisha mangapi. Nikapangusa kamasi nikahesabu, nikasema moja. Ukauliza linatazama wapi. Nikasema linatazama mawe makubwa, na juu ya mawe watu wameanika nguo. Ukauliza kuhusu vitanda, nikasema ni vya kupandana, na kwamba juu yangu amelala msichana nisiyemjua jina.

"Basi kamuulize," ulisema, "na kesho uniambie."

Ndivyo nilivyomjua Zuhura. Kama si wewe kutaka jina, pengine ningekaa naye muhula mzima tukisalimiana kwa vichwa tu.

Tangu siku ile ukawa na desturi yako. Ikifika saa kumi na moja jioni, mbuzi wameshafungwa, unapanda kwenye kile kichuguu nyuma ya banda, mahali pekee ambapo kitochi chako kilipata mtandao, na unanipigia. Hukutaka muhtasari. Nikisema "leo siku ilikuwa nzuri", uliniuliza ilianza vipi. Ulitaka kujua tumekula nini, nani aliamka wa kwanza, nani alimnunia nani na kwa sababu gani. Nilikueleza habari za Zuhura wa Ujiji, anayecheka mpaka chumba cha tatu wanasikia, na kijana wake wa miwani aliyemwandikia barua kwa kalamu wakati wenzake wote wanatuma meseji. Nilikueleza habari za Salome wa Singida, ambaye mchana hasemi neno, lakini akilala anaongea, na kuna siku aliuliza usingizini bei ya vitunguu kisha akakataa kununua. Ulicheka mpaka nikasikia simu ikikuponyoka. Halafu, baada ya kuiokota, ulisema kwamba mtu anayeongea usingizini ni kwa sababu mchana hana wa kumsikiliza. Kesho yake nilikwenda kukaa karibu na Salome kwenye chakula cha mchana. Ilichukua wiki nzima, lakini alianza kuongea akiwa macho, na kumbe ana maneno mengi mazuri.

Kumbukumbu zako zilinishinda. Mimi nilishasahau kwamba Zuhura na kijana wa miwani walikosana kwa ajili ya mwavuli, na wewe baada ya mwezi unauliza kama ule mwavuli ulirudishwa.

Nacheka nikikumbuka mambo niliyoyashika na kuyaacha ndani ya mwaka ule wa kwanza. Nilianza kukimbia alfajiri, nikakimbia siku sita. Niliazima gitaa, nikajifunza mistari mitatu ya wimbo mmoja wa kanisani, nikalirudisha lilipokatika uzi. Nilioka keki kwenye sufuria ya mchanga, ikaungua chini na juu ikabaki uji, na tukaila hivyo hivyo. Nilipanda mchicha kwenye ndoo dirishani, na huo ndio pekee uliofika mahali, maana Salome alikuwa akiumwagilia bila kuniambia. Kila jambo jipya nilikuletea saa kumi na moja kwa mshindo mkubwa, na kila mara ulilipokea kana kwamba ndilo kazi yangu ya maisha. Nikiliacha hukunidai. Siku moja nilikuambia naona haya, sikai na jambo hata moja. Ulisema mbuzi mdogo huonja kila jani, na hakuna anayemwita mvivu.

Hata hali zangu za moyo ulizizoea. Kuna siku nilikuwa naamka mzito bila sababu, sina ugonjwa, sina msiba, ila tu sitaki kuongea. Ulizisikia nilipokuitikia tu "waitu" kwenye simu. Siku hizo hukuniuliza kitu. Ulinisimulia ya kwako: mgomba ulioangushwa na upepo, kwaya iliyokosea kuingia ubeti wa pili na mchungaji akajifanya hakusikia. Ukimaliza, unasema haya, kesho, unakata. Nami nilikuwa nashuka kitandani nikaenda kuosha uso.

Kwa hiyo sijui, Bibi, kwa nini mwaka wa pili nilikuficha.

Unajua jinsi ulivyojivunia hesabu zangu. Ulinifundisha kuhesabu kwa buni, hapa hapa kibarazani, nikiwa bado sijaanza shule, na nilipochaguliwa kusomea ualimu wa hesabu ulimwambia kila mtu kwamba hesabu za Kemi zimetoka kwako. Sasa muhula wa kwanza wa mwaka wa pili ulileta somo lililonishinda. Mwalimu wetu alikuwa anaandika ubaoni kwa mkono wa kulia huku anafuta kwa mkono wa kushoto, na mimi niko katikati nimepotea. Niliona haya kuuliza. Nikawa nakopi bila kuelewa, na kwenye mtihani nikaandika jina langu vizuri sana, na baada ya hapo mambo machache tu ya maana. Matokeo yalipotoka, somo lile nilikuwa nimepata sapu. Ndivyo wanafunzi tunavyouita mtihani wa marudio: umefeli, unapewa nafasi moja ya kurudia, ukishindwa tena mambo yanakuwa mabaya kweli.

Jioni ile nilikusudia kukuambia. Nilijikaza, na ulipopiga tu nikasema.

"Bibi, nimepata sapu."

"Supu ya nini?"

Ningeweza kusahihisha pale pale. Nilisikia mbuzi wako nyuma, nikasema ya ng'ombe.

"Kunywa, mwanangu," ulisema. "Supu inajenga mwili."

Na ulifurahi kweli, kwa sababu siku zote ulikuwa unahofu kwamba chuoni tunakula vibaya.

Baada ya hapo sikuweza kurudi nyuma. Ulikuwa unaniuliza kama supu bado ipo, nami nasema ipo. Na kwa kuwa nilishaanza kudanganya kwenye supu, niliendelea kwenye mengine. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeacha kwenda darasani. Nilikuwa nalala mpaka saa tano, kisha naenda kukaa kwenye yale mawe nyuma ya hosteli nikitazama watu wakifua, kisha narudi kulala. Zuhura na Salome walinisemesha, nikawajibu kwamba nitakwenda kesho. Ikifika saa kumi na moja nilikuwa najipangusa uso na kukutungia siku. Nilikutungia kikundi cha kujisomea ambacho hakikuwepo, mwalimu aliyenisifu mbele ya wenzangu, na chumba kisicho na ugomvi wowote. Ulikuwa unasikiliza, unasema vizuri, vizuri. Nilidhani umeamini.

Wiki ya tatu, Jumanne, saa nne asubuhi, simu iliita. Hukuwahi kunipigia saa nne asubuhi. Nilijua kuna msiba.

Ulisema uko getini kwetu, na kwamba askari anasema lazima nije nikuchukue.

Nilikimbia na kandambili. Wewe ambaye hukuwahi kuvuka Bukoba ulikuwa umekaa kwenye kiti cha askari, umevaa viatu vyako vya Jumapili, miguuni una mfuko wa maharage na kichana cha ndizi, na askari amesimama. Ulikuwa umeshajua kwao ni wapi na ana watoto wangapi. Baadaye ndipo nilipopata habari yote: Baba mdogo Deo alikupandisha basi Kayanga alfajiri ya Jumatatu, na binti wa jirani yetu aliyeolewa Mwanza akakupokea stendi na kukulaza kwake. Mama mwenyewe hakujua mpaka ulipokuwa umeshapita Biharamulo.

Nilikusalimu kwa kupiga magoti palepale kwenye vumbi, na nikashindwa kuinuka kwa sababu ya kulia. Ulidhani ni furaha, au ulijifanya umedhani hivyo.

Mlezi wa hosteli alikuruhusu uingie chumbani kwa saa mbili. Zuhura alikuwa amekaa juu kitandani kwake akipaka kucha. Ulisimama mlangoni ukamtazama, na kwa kile Kiswahili chako cha kanisani ukasema, "Amani iwe kwenu. Wewe ndiwe Zuhura." Halafu, kabla hajashuka, ukamuuliza kama kijana wa miwani ameandika tena. Alinitazama mimi, akakutazama wewe, kisha akaangua kicheko chake, na wewe ukatikisa kichwa kama mtu aliyeonja chumvi akaona ndiyo yenyewe. Salome alipoingia na ndoo ya maji ulimshika mkono ukakaa nao muda mrefu.

Wakakuandalia chai. Ukanywa, ukasifu, ukatazama mchicha dirishani. Kisha ukawauliza, kwa upole kabisa, kama na wao huwa wanapata ile supu ya Kemi.

"Supu gani, Bibi?" Zuhura akauliza.

"Ile anayopewa hapa chuoni. Sapu."

Zuhura hakujua kwamba kuna la kuficha. Alikueleza kama mtu anayemweleza mgeni njia ya kwenda sokoni. "Ile si ya kunywa, Bibi. Sapu ni mtihani. Ukifeli, ndiyo unarudia."

Salome alimvuta mkono wakatoka nje. Nikabaki na wewe. Ulikuwa unakunja pindo la kitenge chako na kulikunjua. Mimi nilikuwa natazama viatu vyako vya Jumapili, vumbi lote lile la njiani.

"Umefeli?"

"Nimefeli, Bibi. Na darasani siendi, hii wiki ya tatu."

Ulikunja pindo mara nyingine.

"Nilijua kuna jambo," ulisema. "Wiki tatu Zuhura hajagombana na mtu. Salome hajaota. Wewe hujachoka hata siku moja. Nikamwambia Deo, hawa anaonisimulia si watu, kanikatie tiketi."

Nilikuuliza kama umekasirika. Nalikumbuka jibu lako neno kwa neno, na nitalikumbuka nikiwa bibi mimi mwenyewe, Mungu akipenda.

"Kufeli ni kwako, utakubeba mwenyewe. Ila ulinifungia nje, Kemi. Hilo ndilo lililonipandisha basi."

Nilisubiri mahubiri. Hukuhubiri. Uliniuliza mtihani wa kurudia ni lini, nikasema baada ya wiki mbili. Ukauliza leo kuna kipindi, nikasema kipo, saa nane. Ukauliza viatu vyangu viko wapi.

Siku zile nne ulizokaa Mwanza sitazisahau. Kila asubuhi ulikuwa unakuja kwa bodaboda kutoka kwa yule binti wa jirani, askari anakufungulia geti mwenyewe, na unaketi kwenye benchi nje ya ukumbi wa mihadhara mpaka uone nimeingia. Hukuondoka hata nikishaingia. Wanafunzi mia wakitoka wanakukuta pale, na mmoja baada ya mwingine shikamoo, shikamoo, nawe unajibu zote marahaba bila kuruka hata moja. Nilidhani nitaona haya. Siku ya kwanza niliona. Siku ya pili wenzangu wakaanza kuniuliza huyu bibi yako atakuwepo na kesho?

Siku ya tatu yule mwalimu wa hesabu alitoka ukumbini akakusalimu, akauliza kama una shida. Mimi nilikuwa nyuma yake nikiomba ardhi ifunguke. Ulimwambia huna shida, umemsindikiza mjukuu wako, na kwamba mtoto hesabu anazijua, ulimfundisha mwenyewe. Ukafikiri kidogo ukamwongezea: "Labda wewe, mwalimu, unafuta upesi."

Nikajua nimekwisha. Kisha alicheka, akageuka akanitafuta kwa macho, akaniambia niende ofisini kwake Ijumaa na maswali yangu yote. Nilikwenda nikiwa nayo kumi na saba. Alikaa nami mpaka tukayamaliza, na hakunifanya nijione mjinga hata kidogo. Bibi, mtu yule nilimwogopa muhula mzima, na alikuwa anangoja tu mtu amwambie. Kuanzia wiki iliyofuata alikuwa anauliza kabla ya kufuta.

Siku ya tano ulipanda basi kurudi. Mimi, Zuhura na Salome tulikusindikiza stendi. Ulimpa Salome namba yako ya simu ukimwambia ikiwa kuna neno lolote, hata la vitunguu. Kumbe alikuwa hajui kwamba anaota kwa sauti. Hakunisemesha mpaka jioni.

Nilirudia mtihani, nikafaulu. Sikupata alama za kutamba nazo, lakini nilifaulu. Nilikupigia mimi mwenyewe kwa simu ya Mama, ambayo hushika mtandao hata uani, sikungoja saa kumi na moja. Uliuliza kama Zuhura ameshapatana na kijana wa miwani, na tukaendelea na hayo. Mama ndiye aliyekuja kuniambia baadaye kwamba ulipokata simu uliingia jikoni ukafunga mlango, na alipochungulia alikuta umekaa kwenye kigoda unalia huku unatabasamu.

Ukaondoka mwezi wa kumi na moja, msimu wa senene, mwaka wangu wa tatu ukiwa ndiyo kwanza umeanza. Uliugua siku nne tu, ukiwa kitandani kwako, Mama yuko kando. Nashukuru kwamba mazungumzo yetu ya mwisho hayakuwa na uzito wowote. Tuliongea habari za kijana mmoja wa darasa letu aliyeingia ukumbini amevaa viatu viwili tofauti na hakuna aliyethubutu kumwambia. Ulicheka, ukasema haya, kesho. Sikujua ndiyo mwisho, na naona ni bora sikujua, maana ningeyaharibu kwa kuyafanya makubwa.

Nataka nikusimulie msiba wako, kwa kuwa hukuwa na wa kukusimulia. Zuhura alikataa nisafiri peke yangu, tukaja wote. Tulipofika akina mama walikuwa wamekaa kwenye mikeka uani wakimenya ndizi, mikono inakwenda, hakuna anayeinua kichwa. Nikawasalimu, nikasema huyu ni mwenzangu wa chuo, anaitwa Zuhura. Visu vikasimama. Mama Asimwe, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, akamtazama kutoka utosini hadi miguuni.

"Huyu ndiye wa kitanda cha juu?" akauliza.

Na hapo, Bibi, katikati ya msiba, nikaulizwa maswali ambayo sikuyatarajia. Mmoja anataka kujua kama kijana wa miwani ameshajitambulisha kwa wazazi. Mwingine anauliza Salome hajambo, na bado anaota? Mwingine, ambaye hata jina lake silijui vizuri, anauliza mchicha wa kwenye ndoo uliishia wapi. Zuhura, ambaye alikuja akiogopa kwamba hatajua lugha wala pa kukaa, alivutiwa kwenye mkeka, akapewa kisu, na baada ya saa moja alikuwa anamenya ndizi kama mzaliwa na kuwaeleza mwenyewe kisa cha mwavuli. Nikajua kwamba kila Jumapili baada ya ibada ulikuwa unakaa na akina mama nje ya kanisa na kuwapa wiki yetu yote, kuanzia mwanzo. Nilidhani naongea na wewe. Kumbe nilikuwa naongea na nusu ya Rugera.

Nililia sana siku ile, lakini nilikuwa pia na furaha fulani ambayo sikujua niiweke wapi.

Kuna jambo moja Mama Asimwe alinieleza nikiwa namsaidia kubeba maganda. Alisema anashukuru kuniona mzima, maana miezi michache nyuma walikuwa na wasiwasi. "Bibi yako," alisema, "alituambia umedhoofika mpaka wakawa wanakupa supu chuoni, na akakufuata kwenda kukuuguza." Nikasimama na beseni mkononi. Kwa hiyo wewe, ambaye hukuacha hata kosa moja la kwaya bila kulisimulia, hilo langu hukulisimulia. Uliwaachia supu. Hukuniambia kwamba umenifichia, na sikupata nafasi ya kukushukuru.

Siku ile sikuwasahihisha. Lakini Jumapili iliyopita, Bibi, baada ya ibada, akina mama walinifanyia nafasi pale mnapokaa na kusema nimewaacha njaa miezi mingi. Wakataka wajue ya mwisho. Nikawaambia kijana wa miwani ameshakwenda Ujiji kujitambulisha, na kwamba alikaribishwa. Nikawaambia Salome amepangiwa kufanya mazoezi ya kazi Singida kwao. Kisha nikawaambia kwamba ile haikuwa supu. Nikawaeleza yote, kuanzia jina lililoandikwa vizuri kwenye mtihani, mawe nyuma ya hosteli, siku nilizokutungia, mpaka wewe kwenye benchi. Walicheka pale pa kucheka. Nilipofika pale ulipomwambia mwalimu kwamba anafuta upesi, mmoja wao alipiga makofi. Hakuna aliyenitazama vibaya. Mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa anapita alisimama kusikiliza mpaka mwisho.

Mama Asimwe peke yake hakucheka. Tulitembea pamoja kurudi nyumbani mpaka tukavuka daraja la magogo. Ndipo akaniambia kwamba yeye alifeli darasa la saba. Mumewe na watoto wake wote wanajua aliacha shule kwa ajili ya kumuuguza mama yake, na ni kweli aliuguza, lakini hiyo haikuwa sababu. Alifeli hesabu, na hajawahi kumwambia mtu.

"Sasa hiyo sapu yenu," akasema, bila kunitazama, "mtu wa miaka hamsini na mbili anaweza kuifanya?"

Nilimwambia sijui utaratibu, nitauliza kwa watu wa elimu ya watu wazima, na kwamba wakati nikiuliza tunaweza tu kuanza. Alikuja Jumatatu na daftari jipya. Amekuja kila siku tangu hapo. Ni mbishi, na anakumbuka kuliko anavyodhani. Asimwe, mwanawe, anadhani mama yake anakuja kunifundisha kusuka mikeka, na mimi sijamsahihisha.

Nilikuwa nikijiuliza mwaka huu wote kama nimechagua kazi inayonifaa, au ualimu nao utakuwa kama gitaa. Jana nilikuwa nafundisha sehemu. Nikamwambia Mama Asimwe achukulie kwamba ana mkungu wenye vichana kumi, anampa jirani vitano, je, amempa sehemu gani? Akaweka penseli chini. Akasema hawezi kujibu mpaka ajue vitano vya juu au vya chini, kwa sababu vichana vya chini huwa ni vidogo, na mtu akikupa vile akasema ni nusu, amekudhulumu. Nilifungua mdomo nimsahihishe. Kisha nikafikiri, nikaona amesema kweli, na kwamba miaka mitatu ya chuo hakuna aliyeniuliza hivyo. Tulibishana mpaka jua likaingia nyuma ya mlima, Bibi, na sikutaka ubishi uishe.

Sasa namwona anavuka barabara, daftari kwapani, anatembea haraka kama mtu aliyepata jibu njiani. Niache nimpokee. Lala salama huko juu, na usinihofie.

Mjukuu wako wa kibarazani,
Kemi